Lipa Mapema, Tembea kwa Utulivu: Treni ya Usiku Hadi Misitu ya Kwale

Jumamosi moja mwaka jana nilimdhulumu dereva wa tuktuk wa Ukunda shilingi 800, na sikujua kama nimemdhulumu. Nilirudi Nairobi nikiwa na furaha tele, picha nzuri kwenye simu na mchanga kwenye viatu. Yeye alibaki na tangi la petroli aliloliweka kwa pesa zake.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu kosa lenyewe ni dogo na mtu yeyote anaweza kulifanya. Lakini kwanza nikupeleke safari, maana safari yenyewe ni nzuri na watu wengi wa Nairobi hawajui kwamba inawezekana: unatoka mjini Ijumaa usiku, Jumamosi unatembea msituni Kwale, na Jumapili alfajiri uko nyumbani. Hotel hulipi. Unalala kwenye treni, kwenda na kurudi.

Treni ndiyo kitanda chako

Madaraka Express ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 470. Wengi wetu tunaijua ile ya asubuhi na ile ya saa tisa alasiri. Ya kwetu leo ni ile ya saa nne usiku. Inakufikisha Miritini kabla jua halijachomoza, na siku nzima inakuwa yako. Ya kurudi vilevile inaondoka Mombasa saa nne usiku.

Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na daraja la kwanza ni 4,500. Kwenda na kurudi kwa daraja la kawaida ni shilingi 3,000. Ukiweka 300 kila wiki kwenye akiba ya simu, wiki ya kumi una tikiti zote mbili mkononi na hujamkopa mtu.

Nisikudanganye kuhusu starehe. Viti vya daraja la kawaida vimenyooka na vinatazamana, magoti yenu yatasalimiana. Beba leso ya kujifunika na kitu cha kuegemeza shingo. Na kama lengo lako ni kuwaona ndovu wa Tsavo dirishani, panda ya asubuhi, kwa sababu usiku dirishani utajiona wewe mwenyewe tu.

Tikiti unakata kwa kupiga *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli. Tumia kitambulisho utakachosafiri nacho, kwa sababu utaulizwa hichohicho stesheni. Fika angalau saa moja kabla, ukaguzi ni mrefu. Na kata tikiti ya kurudi siku hiyohiyo unayokata ya kwenda. Wikendi nafasi huisha haraka, na mtu aliyekwama Mombasa Jumamosi usiku ndiye anayetafutwa na matapeli. Utamwona mtu mtandaoni akisema ana "tikiti mbili za ziada, nitumie nusu nikushikie." Tikiti ya treni hainunuliwi kwa laini ya mtu binafsi. Akitaka umtumie kwenye nambari yake, achana naye.

Kutoka Miritini hadi Kwale

Treni ya abiria inaishia Miritini, upande wa bara wa mji wa Mombasa. Kwale iko ng'ambo, kusini. Kuna njia mbili.

Mkiwa watatu au wanne, changeni gari la kukodi lipite barabara ya Dongo Kundu. Barabara hii inatoka upande huohuo wa Miritini, inapita juu ya maji kwa madaraja marefu na kukutoa kwenye barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Huguswi na msongamano wa mjini wala foleni ya feri.

Ukiwa peke yako na unabana matumizi, panda matatu hadi mjini, vuka Likoni kwa feri, halafu tafuta matatu ya Kwale au ya Ukunda. Feri kwa anayetembea kwa miguu ni bure. Narudia: ni bure. Mtu asikutoze kitu.

Usitoke stesheni gizani kama hujui uendako. Kaa ndani hadi kupambazuke, kunywa chai, na utumie muda huo kuchaji simu. Nitarudi kwenye hilo la chaji.

Matembezi matatu, chagua moja

Usijaribu kuyamaliza yote kwa siku moja. Haraka haraka haina baraka, na mahali hapa pote panataka mtu asiye na haraka.

*Shimba Hills.* Hifadhi hii ilitangazwa rasmi mwaka 1968 na iko juu ya vilima, karibu kabisa na mji wa Kwale. Asubuhi kuna ukungu na baridi kidogo, hadi unasahau kuwa bahari iko pale chini. Ndipo mahali pekee Kenya utakapompata palahala porini, yule mnyama mweusi mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea nyuma. Matembezi yake maarufu ni ya kuteremka hadi maporomoko ya Sheldrick, maji yanayoanguka kama mita 21 kwenye kidimbwi unachoweza kuoga. Njia ni kama kilomita mbili. Kushuka ni rahisi, kupanda ndiko kutakakokukumbusha ulivyoacha mazoezi. Kwa sababu kuna ndovu na nyati, hutembei peke yako: askari wa KWS anakusindikiza, na utahitaji gari la kukufikisha pale matembezi yanapoanzia. Kwa hiyo huku ni kwa wale waliochanga gari.

*Kaya Kinondo.* Iko kusini mwa Diani, karibu na ufuo, na ni msitu mdogo wa kama hekta 30. Ni mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kwa Wadigo, hapa ni mahali pa wazee na pa dua, na wageni wamekuwa wakikaribishwa tangu 2001 kwa masharti. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni. Unavua kofia. Hutoki na kitu chochote, hata jani lililoanguka. Wapenzi wanaachia mapenzi yao nje. Kiongozi wa kijijini anakuonyesha mti huu ni dawa ya nini na ule unahifadhiwa kwa nini, na kuna mahali anakwambia: sasa nyamaza. Unanyamaza, na unasikia kwamba msitu haujanyamaza hata kidogo. Juu wanapita mbega, chini majani yanakatika, na mbali kidogo bahari inapumua.

*Gazi.* Hiki ni kijiji cha wavuvi katika eneo la Msambweni. Panda matatu ya kwenda Msambweni au Lunga Lunga, shuka Gazi, kisha boda hadi ufuoni. Kina mama wa hapa wana njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya matope, inayokupitisha katikati ya mikoko. Watakufundisha kuwa kile unachoita "mikoko" ni miti mingi: mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu, mkandaa, muia, mlilana. Uliza saa za maji kabla ya kufunga safari, kwa sababu maji yakijaa unaona msitu unaoelea, na yakipwa unaona kaa na mizizi. Ukiagiza mapema, unaweza kupikiwa samaki na wali wa nazi.

Gazi ni muhimu kwa sababu nyingine. Mwaka 2013 wenyeji wa Gazi na Makongeni walianzisha Mikoko Pamoja, mradi wa kutunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kuendeshwa na jamii kwenye mikoko. Pesa zake zimeingia kwenye maji na shule za vijiji hivyo. Yaani, mti uliosimama umelipa kuliko mti uliokatwa kuwa mkaa au boriti.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Misitu hii mitatu haipo kwa bahati. Ipo kwa sababu kuna watu walioamua isikatwe, na wengi wao wanategemea kwamba mgeni akija atalipa, tena atalipa mahali panapofaa. Ada yako ikifika kwenye kikundi, inafanya kazi. Ikipotelea kwenye nambari isiyo sahihi, msitu umetembelewa bure.

Sasa ile tuktuk

Siku ile mimi na binamu yangu tulienda Kaya Kinondo. Ukunda tulimpata dereva wa tuktuk, kijana mpole, tukakubaliana 800: atupeleke, atungoje, aturudishe. Alingoja zaidi ya saa mbili chini ya mti. Aliporudi kutufikisha steji, nikatoa simu nimlipe. Imezima. Nilikuwa nimepiga picha tangu asubuhi na kumchezea binamu yangu muziki njia nzima. Pesa zetu zote zilikuwa humo ndani, na binamu yangu alikuwa na sarafu za kufikia feri tu.

Yule kaka hakunuka hasira hata kidogo. "Haya dada, utatuma ukifika penye umeme." Akaniandikia nambari yake nyuma ya risiti, sisi tukakimbilia matatu.

Miritini nilipata pa kuchajia. Nikapiga ile nambari haraka, foleni ya ukaguzi ikiwa inasonga. Jina likatokea kwenye skrini, la mwanamke. Nikajiambia, labda laini ni ya mke wake. Nikabonyeza kukubali. Ujumbe ukaingia, roho ikatulia, nikalala hadi Nairobi.

Wiki tatu baadaye nilikuwa napanga safari nyingine na nikampigia. Akapokea mama mmoja, sauti ya mtu mzima, na nyuma kulikuwa na kelele za soko. "Ni wewe ulinitumia mia nane?" akaniuliza. "Nilidhani ni yule mteja wangu wa mboga, huwa analipa kwa laini za watu." Alikuwa bara, mbali kabisa na Ukunda. Pesa zilishakuwa mboga na unga. Nikamwambia, sawa Mama, hakuna shida. Ningemwambia nini? Kosa halikuwa lake.

Nikairudia ile risiti. Nilichosoma kuwa 1 kilikuwa 7.

Fanya hivi, usifanye nilivyofanya mimi

*Usiku wa kabla ya safari.* Lipa kila kinacholipika ukiwa nyumbani, penye mtandao na kichwa kilichotulia. Tikiti mbili za treni. Ada ya Shimba Hills, kama ndiko unakoenda, maana ada za KWS hulipwa kwa eCitizen na si vizuri kuanza kutafuta neno la siri langoni huku mtandao ukizunguka. Piga picha ya skrini ya kila risiti. Picha inafunguka hata kama bando limeisha au mtandao umepotea, na msituni utapotea.

*Gawa pesa zako mafungu mawili.* Fungu la simu na fungu la mfukoni. La mfukoni liwe la noti ndogo: nauli za matatu, boda, madafu. Mtu anayeuza madafu mawili hawezi kuvunja noti ya elfu, na mara nyingine mtandao wake ndio umelala. Toa hizo noti kwa wakala wa mtaani kwako kabla hujaondoka.

*Kwa kikundi, lipa kikundi.* Ukifika Gazi au Kinondo, uliza ofisini nambari rasmi ya malipo, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka nambari ya siri. Liwe jina la kikundi. Ukiambiwa utume kwa laini ya mtu, uliza kwa heshima na omba risiti. Kama kuna till, itumie: anayelipa kwa Lipa na M-PESA ya kununua bidhaa hakatwi ada, na kikundi kinabaki na rekodi ya kila shilingi iliyoingia. Ukitaka kumtunza kiongozi aliyekutembeza, hiyo ni zawadi yako wewe na yeye, mpe kando.

*Kwa mtu binafsi, mlipe akiwa mbele yako.* Na kama siku ni ndefu, mlipe nusu mwanzoni. Usiandike nambari kwenye karatasi. Mwambie akupigie, ili nambari yake ibaki kwenye simu yako na yako ibaki kwake. Muulize, "Jina litakalotokea ni lipi?" Swali hilo moja lingeniokoa. Halafu ngoja hadi yeye aseme imeingia. Ujumbe wako wewe unakuambia pesa zimetoka. Wake ndio unaosema zimefika.

*Jina likikushangaza, simama.* Usijitungie hadithi ya mke wala kaka. Ghairi, uliza, anza upya.

*Ukikosea, wahi.* Kwa M-PESA, peleka ule ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa zilizokwishatumika ni vigumu kurudi. Mimi nilichelewa wiki tatu. Na mtu akikupigia akidai amekutumia kimakosa, usimrudishie kwa mkono wako. Angalia salio lako kwanza, halafu mwelekeze afuate utaratibu huohuo.

*Linda chaji kama unavyolinda maji.* Weka simu kwenye hali ya ndege ukiwa msituni. Picha utapiga bado. Wenzako mkiwa wawili, pesa zisikae kwenye simu moja. Na nambari yako ya siri usimpe mtu, hata anayekusaidia kwa moyo safi steji.

Ukishafanya haya, kuna faida ambayo sikuitegemea: hakuna tena sababu ya kutoa simu. Tikiti imelipwa, ada imelipwa, dereva ameshika nusu yake, na noti ziko mfukoni. Unaweza kuizima na kusikiliza.

Ratiba fupi

Ijumaa saa tatu usiku uwe stesheni Nairobi. Jumamosi alfajiri Miritini: chai, chaji, subiri mwanga. Asubuhi na mchana, matembezi. Saa kumi na moja jioni uwe umeshaanza kurudi, kwa sababu Likoni jioni haina huruma. Saa tatu usiku stesheni tena. Hakikisha saa za treni wakati unakata tikiti, ratiba hubadilika. Mvua kubwa za pwani huanguka kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita, na njia za Shimba huteleza. Mwezi wa saba hadi wa tisa kuna upepo mzuri.

Na yule kaka wa tuktuk? Nilipopata nambari sahihi nilimpigia, nikajitambulisha, nikaanza kuomba radhi. Akanikata. "Aah, dada wa Kinondo! Mimi nilijua ni mtandao tu."

Wiki tatu alikuwa anausingizia mtandao ili asiniwazie vibaya. Nilimuuliza jina litakalotokea. Akanitajia. Likatokea hilohilo. Nikatuma, nikabaki kwenye simu hadi aliposema imeingia.

Nikienda tena Kinondo, na nitaenda, yeye ndiye atakayenipeleka. Safari hii analipwa kabla sijafunga kaniki.